Shangazi, mtihani wa uraibu unaniita mgonjwa na mimi poka naijua

Shangazi pole na kazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, naishi Malaba upande huu wetu wa Uganda, nafanya kazi ya kuklia mizigo, yaani kuipitisha forodhani, pale mpakani, mke wangu ni mwalimu wa praimari na tuna watoto wawili. Naandika ju kuna karatasi imeleta vita nyumbani na tumekosa mtu wa kuamua.

Mi nacheza poka. Naomba usinichanganye na wale wa mashine za sarafu maanake hapo ndo watu wote wanakosea. Ni ile ya Texas Hold'em, karata mbili mkononi tano mezani, unacheza na watu wenzako, kasino inakata kidogo tu kwa kila poti, yaani lile fungu la pesa mnalogombania, so anayejua anakula pesa ya asiyejua. Karata nilianza na ule mchezo unaoitwa matatu pale steji na madereva wa malori, wakati wa corona kazi ikapungua nikaanza kusoma poka kwa simu, hesabu zake, nafasi ya kukaa, lini kutupa karata, mpaka nikaiva. Sasa kila Ijumaa napanda basi naenda Kampala, nakaa mezani saa tatu usiku mpaka saa tisa, Jumamosi narudi nimechoka lakini niko na kitu. Naandika kila kitu kwa daftari. Miezi 14, Ijumaa 60, niko mbele shilingi milioni 11 na laki nne. Nilianza na meza ndogo, nikahamia kubwa ju ile ndogo ilikuwa inanilaza.

Sasa mke katoa kwa intaneti yale maswali 20 ya Gamblers Anonymous, kile chama cha watu walioshikwa na kamari, akayaandika kwa mkono wake kwa Kiswahili, akaniwekea na kalamu kama mtoto wa P4. Nikajibu kwa ukweli, nikapata ndiyo 9. Wao wanasema wengi wenye ugonjwa wanapata kuanzia 7. Mke akalia, akampigia mama yake, mama mkwe ni mlokole, kwake hata ludo ni shetani, sasa kila mtu ukoo mzima anajua nimeshikwa na kamari.

Lakini Shangazi angalia maswali yenyewe! Ati je umepoteza muda wa kazi kwa sababu ya kamari, ndiyo Jumamosi sifiki ofisini lakini hiyo poka ndo kazi yangu ya pili. Ati ukishinda unatamani kurudi kushinda zaidi, sasa nani ana duka likiuza vizuri leo kesho halifungui? Ati unacheza ili upate pesa ya kumaliza shida, banange, karo ya watoto ni shida au sio shida? Ati unasita kutumia pesa ya kamari kwa matumizi ya nyumbani. Kila mcheza poka mwenye akili lazma asite, ile ni bankroli, mtaji wa kuchezea! Huo mtihani ulitungwa kwa wajinga wa ruleti, lile gurudumu la namba, kunipima mimi nao ni kama kupima urefu kwa kilo.

Zile ndiyo zingine nitakwambia ili usiseme naficha. Nyumbani kuna kelele, ndiyo. Usingizi, saa ingine nalala naona karata. Kukaa kuliko nilivyopanga, hutokea. Kurudi kufuata pesa iliyopotea, nilisema ndiyo kwa sababu ya siku moja mwezi wa pili, nilikuwa na esi mbili, karata kubwa kuliko zote, jamaa ana kingi mbili, tukaweka zote kabla ya flopu, zile karata tatu za kwanza mezani, kingi ikatoka. Niliumia sana, nikakaa mpaka kumekucha, nikapoteza na ile ya mfukoni. Ndo nikakopa Sacco milioni 2, nikasema ni za mabati, mke akasaini kama mdhamini, lakini nimelipa yote kwa wiki sita na riba juu, kwa pesa ya poka! Mfanyabiashara gani hakopi mtaji? Tiketi za mpira nabeti pia lakini hizo ni za kujifurahisha tu, kama elfu 50 kwa wiki, na ruleti kidogo nikisubiri kiti, hizo hata siandiki kwa daftari ju sio poka. Na shemeji yangu wa miaka 21 ameanza kuniomba nimpeleke, naye ana kichwa.

Swali langu ni moja, huu mtihani ni haki kwa mtu mwenye ujuzi au sio haki?

Mcheza poka, Malaba

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, afu nikamwita mtoto wa dada yangu anifundishe hiyo poka kabla sijafungua mdomo. Jioni mbili tumecheza kwa karanga. Ya kwanza nililiwa mpaka nikabaki na maganda, ya pili nikajua kutupa karata mbaya mapema na nikamaliza na bakuli nusu. Kwa hiyo hapo tumekubaliana, ule mchezo una akili ndani, na aliyeisomea akikaa na asiyeisomea pesa itahama. Huko nyuma madereva walikuwa wanacheza matatu kwa uwanja wa malori, marehemu mume wangu akiwemo, na hata pale kila mtu alijua nani wa kuogopa.

Nianze na pale ambapo una haki, maana iko. Gamblers Anonymous ilianza 1957 huko Los Angeles, ni watu waliokuwa wamezama kwa kamari wenyewe wakaamua kusaidiana, na maswali yao yana harufu ya maisha hayo, mtu anayefuata farasi na dadu mpaka senti ya mwisho. Hilo la kusita kutumia pesa ya kamari kwa matumizi, kwa mcheza poka makini ni swali bovu kabisa. Mama anayeuza nyanya sokoni haingizi mkono kwenye mtaji kununua sukari, na hakuna anayemwita mgonjwa, tunamwita mwenye adabu ya pesa. Hilo nakufutia. Na la kutamani kurudi ukishinda, na la kutafuta pesa ya shida, hayo pia nakufutia, ingawa la pili kwa shingo upande. La muda wa kazi nakufutia nusu. Bosi wako anajua Jumamosi uko wapi?

Hata madaktari wameona hiyo tofauti. Kitabu chao kikubwa cha magonjwa ya akili Marekani, DSM-5 cha 2013, kinatoa dalili 9, ukiwa na 4 ndani ya miezi 12 basi ni ugonjwa, lakini humo humo wanasema anayecheza kamari kama kazi hesabu yake ni nyingine, kwake hatari ina mipaka na nidhamu ndo msingi. Kuna na mtihani wa Canada wa maswali 9, PGSI, ambao naona ungekutendea haki zaidi maana unauliza je umeweka pesa kuliko unayoweza kuvumilia kuipoteza, na mtu mwenye bankroli ya kweli anaweza kujibu hapana bila kudanganya. Ila na wenyewe una swali la watu kukulaumu kuhusu kubeti, uwe unaona ni kweli au sio kweli, na ukiwa na mama mkwe mlokole hiyo alama unaipata hata ukicheza kwa vifuniko vya soda.

Kwa hiyo nimekupa. Sasa kwa kuwa unataka kupimwa kama mtu wa kazi, lete daftari tupime kama kazi.

Milioni 11 na laki nne, Ijumaa 60. Basi la Malaba kwenda Kampala na kurudi, chakula, boda, mahali pa kuegesha kichwa masaa mawili kabla ya kurudi, hukuandika hata moja. Mi naweka laki moja kwa wiki na sidhani nimekuonea, hiyo ni milioni 6. Tiketi za mpira elfu 50 kwa wiki, milioni 3. Sijui ni ngapi zilirudi na wewe pia hujui maana huandiki, lakini kama zingekuwa zinarudi ungekuwa umeshanitajia kwa herufi kubwa. Inabaki milioni 2 na laki nne kwa miezi 14, kama laki moja na elfu 70 kwa mwezi, na bado sijagusa ruleti, sijagusa riba ya Sacco, sijagusa Jumamosi 60 za mshahara. Masaa sita mara 60 ni masaa 360, so unapata kama elfu sita na kidogo kwa saa, usiku, umbali wa kilomita zaidi ya 200 na watoto wako. Siku ukiongeza hizo nguzo kwa daftari lako usishangae kama unakuta sifuri inakuangalia.

Kingine nimefundishwa na yule kijana wangu. Meza ya kasino inagawa kama mikono 30 kwa saa, so kwa miezi yako yote umecheza kama mikono elfu kumi na kidogo, na wacheza poka wenyewe wanasema hiyo bado ni kidogo, mtu wa kawaida anaweza kubebwa na bahati hapo na mtu mzuri anaweza kupigwa. Sisemi huna ujuzi. Nasema daftari lako halijamaliza kuthibitisha, na wewe umeshaanza kulitumia kama cheti.

Turudi kwa zile ndiyo tano ulizotaja haraka haraka mwishoni, yaani nyumbani, usingizi, kukaa zaidi, kufuata hasara, kukopa. Hizo hazijali kama unacheza ruleti au poka au omweso, lile bao letu.

Esi mbili dhidi ya kingi mbili, nimeuliza, esi zinashinda kama mara 4 kati ya 5. Ulifanya sawa kuweka zote, ukapigwa na ile moja, hutokea, hakuna wa kukulaumu kwa huo mkono. Mcheza poka wa kazi angefika hapo asimame, anywe maji, aende kulala. Wewe ulikaa mpaka kumekucha ukaweka na ya mfukoni. Mna neno lenu la hiyo, tilti, yaani kucheza kwa hasira baada ya kupigwa, na nimecheka kidogo kwa sababu barua yako nzima imejaa lugha ya poka lakini hilo moja hukulitaja. Na hili la kukaa zaidi lina pande mbili, najua mcheza mzuri anaongeza saa mbili pale wageni wenye pesa na pombe wamekaa mezani, hiyo ni biashara. Wewe mfano pekee ulionipa wa kuongeza saa ni ule wa usiku uliokuwa unapoteza, wa usiku mzuri hujanipa hata mmoja.

Afu kuna sentensi umeiandika kama haina uzito, kwamba ulihama meza ndogo kwa sababu ilikuwa inakulaza. Mwanangu! Moja kati ya zile dalili 9 za madaktari ni kuhitaji kuweka pesa kubwa zaidi na zaidi ili upate ule msisimko. Mtu wa kazi anapanda meza kwa kuwa bankroli imekua na hesabu inaruhusu, wengi wao wanalalamika kazi yao inachosha, wanakaa hapo wanatupa karata usiku kucha kama mlinzi wa benki. Kama meza ndogo ilikuwa inakulipa na ukaiacha ju haikuchangamshi, basi siku hiyo ulienda kununua kitu kingine.

Ruleti nakupa mstari mmoja tu. Namba ziko 37, ukibahatisha moja unalipwa 35 kwa 1, ile tofauti ndo mshahara wa kasino na hakuna kitabu utasoma ikaondoka. Mtu anayejua hesabu za poka anaijua hii kuliko mimi, sasa kwa nini akisubiri kiti hawezi kukaa dakika 20 na soda yake?

Kuna Mmarekani mmoja anaitwa Stu Ungar, huyo unamjua bila shaka. Alishinda mashindano makubwa ya dunia ya poka 1980, akashinda tena 1981, afu 1997 akarudi na kushinda mara ya tatu. Hakuna mtu alikuwa anabisha ujuzi wake, huyo alikuwa anakumbuka karata kama mtu anavyokumbuka majina ya watoto wake. Novemba 1998 alikutwa amekufa kwa chumba cha moteli Las Vegas, pesa karibu zote zimeisha. Alichopata mezani kilikuwa kinatoka kwa kubeti farasi na mipira na kwa madawa. Sikufananishi na yeye kwa madawa, usinikasirikie, ila huyo ungempa mtihani wa ujuzi wa poka angepata mia kwa mia, na ndo maana mtihani wa uraibu hauulizi kama unajua kucheza.

Sasa usifanye kile nahisi umeshakianza, kwamba Shangazi amenifutia nne, 9 toa 4 ni 5, iko chini ya 7, nimefaulu. Ile namba sio ya kupasi. Wewe mwenyewe ukiwa mpakani unajua, fomu ikiwa na kosa dogo mzigo unapita, lakini wakifungua kontena wakakuta kitu hakijaandikwa mzigo unalala, hata kama hicho kitu ni kidogo.

Na hapo ndo tunafika Sacco. Nakubali wafanyabiashara wanakopa mtaji. Ila anayekopa mtaji anasema ni mtaji. Yale maswali 20 hayaulizi kama unadanganya, ni pengo lao nadhani, lakini kuna mtihani mfupi kuliko yote, ulitoka 1997, una maswali mawili tu: umewahi kuhisi haja ya kubeti pesa zaidi na zaidi? Umewahi kulazimika kudanganya watu wako wa muhimu kuhusu unavyocheza? Ndiyo moja inatosha kukwambia nenda ukaonane na mtu. Ujuzi hauingii popote hapo, hata uwe bingwa wa dunia. Mke alisaini karatasi ya mabati, na kama hiyo poka ingekwenda vibaya zile wiki sita Sacco ingeanza kukata mshahara wake wa ualimu kwa deni ambalo hakujua ni la nini. Analia kwa sababu ya 9? Mi nadhani hata angeona 3 angelia tu.

Nikwambie cha kufanya. Miezi mitatu, usiache poka kama hutaki, sikulazimishi, lakini tiketi za mpira sifuri na ruleti sifuri, kwa maana umesema hizo ni za kujifurahisha tu so hazitauma. Daftari linapata nguzo mpya, nauli, chakula, kulala, riba, na linakaa mezani nyumbani mke analisoma kila Jumapili. Saa tisa ikifika unasimama, na ukipoteza kiasi mlichokubaliana naye kabla hujapanda basi unasimama hata kama ni saa nne usiku. Meza rudi ile ndogo. Kama unaweza hayo yote, utarudi kuniambia mtihani ulikuonea na nitaliandika hapa. Ukishindwa, hasa ukishindwa ile ya mpira ambayo umesema sio kitu, basi nenda Butabika, ile hospitali ya magonjwa ya akili Kampala, uongee na watu wa ushauri, na uwaambie wa kasino wenyewe wakuzuie mlangoni. Usisikilize watu wanaosema Butabika ni ya kuokota taka na kuongea peke yako.

Shemeji muache. Sheria yetu ya 2016 ya kamari inasema miaka 25, yeye ana 21, na wewe huna shida ya kuongeza kesi nyingine kwa mama mkwe.

Halafu kuna kitu umekiruka, nimekitafuta kwenye barua sijakiona. Mkopo ulilipa, sawa, hongera. Hayo mabati, nyumba imeshaezekwa?